Nguo Zilizonikaa Jana Leo Zinanikataa

Tangu safu hii ilipogusia mavazi ya mwanamke anayevuka miaka hamsini, barua zimefika kwa wingi, na nyingi zinarudia kilio kimoja kwa maneno tofauti: nguo ni zile zile, uzito haujabadilika sana, lakini kioo kinasema jambo jingine. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatamfaa hata yule ambaye hakuandika. Barua nimezifupisha, na majina ya walioziandika nimeyaacha.

Suruali haifungi kiunoni, nyuma inapwaya

*Bi Mshauri, nina miaka 54 na hedhi yangu ilikoma miaka miwili iliyopita. Mizani inaonyesha nimeongezeka kidogo tu, lakini suruali zangu zote zimekataa kufunga, na nikichukua za saizi kubwa zaidi zinapwaya makalioni na mapajani. Blauzi nazo zinapanda mgongoni kila ninapoinama. Je, nipunguze mwili kwanza ndipo ninunue nguo, au nikubali kuvaa magauni mapana maisha yangu yote?*

Usisubiri kupungua, dada yangu. Nguo hununuliwa kwa ajili ya mwili ulio nao leo, kwa kuwa ndio utakaokwenda nao kazini kesho asubuhi. Ukipungua baadaye, fundi ataibana nguo hiyo kwa muda mfupi. Na hilo la magauni mapana tutalifikia, maana limewapotosha wengi.

Kilichokupata kina sababu zake. Homoni ya estrojeni inaposhuka wakati wa kukoma hedhi, jambo ambalo kwa wanawake wengi hutokea kati ya miaka 45 na 55, mafuta ambayo zamani mwili uliyahifadhi nyongani na mapajani huanza kujikusanya tumboni, na wakati huo huo misuli ya makalio na mapaja hupungua isipofanyishwa kazi. Ndiyo maana mizani inaweza kusimama pale pale huku kiuno kikiongezeka sentimita kadhaa na suruali ikilegea nyuma. Urefu nao hupungua. Baada ya miaka 40 watu wengi hupoteza takriban sentimita moja kila miaka kumi, hasa kwa sababu diski zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo hukonda, na kadiri mgongo unavyofupika ndivyo mbavu zinavyosogelea nyonga na kiuno kupoteza mkato wake, hata kwa mwanamke mwembamba. Sehemu ya juu ya mgongo ikianza kuinama mbele japo kidogo, mgongo hudai kitambaa kirefu kuliko kifua, na blauzi iliyokatwa kwa ajili ya mgongo ulionyooka hupanda nyuma na kushuka mbele. Kwa hiyo blauzi zako hazijarudi kwa kufuliwa; ni mkato wake ambao haukufuati tena.

Kabla ya kwenda dukani, chukua futi ya fundi. Vaa nguo za ndani unazovaa kila siku, kisha upimwe kifua mahali kilipotokeza zaidi, kiuno, tumbo mahali lilipotokeza zaidi na nyonga. Vipimo hivyo vinajulikana. Viwili ambavyo watu husahau, navyo ndivyo vinavyoeleza matatizo ya blauzi zako, ni upana wa mgongo kutoka kwapa hadi kwapa, na urefu kutoka mfupa wa shingo hadi kiunoni, upande wa nyuma na upande wa mbele. Viandike mahali. Watengenezaji wa nguo hawana makubaliano ya pamoja kuhusu namba za saizi, hivyo suruali mbili zenye namba moja zinaweza kutofautiana sentimita nyingi, na mwanamke anayekataa nguo inayomkaa vizuri kwa sababu namba yake ni kubwa anajinyima bure. Namba ikikuudhi, kata lebo.

Ukishavijua vipimo vyako, chagua nguo kwa kuangalia kwanza sehemu ambayo fundi hawezi kuirekebisha kwa urahisi. Kwa blauzi na koti sehemu hiyo ni mabega: mshono wa bega unapaswa kukaa juu ya ncha ya mfupa wa bega, si kuning'inia mkononi wala kupanda shingoni. Mikono mirefu hufupishwa, pembeni hubanwa, lakini bega lililokosewa humlazimu fundi kuifumua karibu nguo nzima. Kwa suruali, angalia kama inakaa tumboni na kama kitambaa kinatosha kuzunguka kutoka kiunoni mbele, kupita katikati ya miguu, hadi kiunoni nyuma. Kinachozidi makalioni na mapajani hupunguzwa. Kilichopungua katikati hakiongezwi.

Halafu ijaribu nguo kwa namna utakavyoishi nayo. Wengi wetu tukiingia chumba cha kujaribia husimama wima, tukavuta tumbo ndani, tukajitazama kwa mbele, tukaridhika. Kaa kitini kwanza. Mkanda wa kiuno ukikukata ukiwa umekaa, utakukata siku nzima. Nyoosha mikono yote miwili mbele, inama kana kwamba unafunga kiatu, kisha inuka bila kuirekebisha nguo na utazame imebaki wapi. Mwisho soma mikunjo yake, kwa kuwa mikunjo husema ukweli kuliko muuzaji: mikunjo ya kulala inayokatiza tumboni au nyongani inaonyesha kwamba hapo pamebana, mikunjo ya mshazari inayoelekea ncha ya titi inaonyesha kwamba kifua hakijapata nafasi, mikunjo ya kusimama inayoning'inia inaonyesha kitambaa kimezidi. Kitambaa kisichovutika kinahitaji kuzidi kipimo cha kifua chako kwa sentimita 5 hadi 10, na cha kiuno kwa 2 hadi 4, ndipo upumue na kula ukiwa ndani yake.

Kuhusu nguo pana, fikiria jinsi zinavyoanguka. Gauni pana kila mahali hushikwa na sehemu iliyotokeza zaidi, yaani kifua au tumbo, kisha huteremka wima kutoka hapo, na macho ya mtazamaji huhesabu mwili wote kuwa na upana wa sehemu hiyo moja. Nguo inayopendeza zaidi ni ile inayoshika mabegani na juu ya kifua, kisha ikapita kiunoni bila kukibana wala kukikimbia. Uchague pia kitambaa chenye uzito kiasi, kinachoteremka badala ya kunata kwenye kila mkunjo wa ngozi. Mbunifu wa mitindo Coco Chanel, aliyefungua tena nyumba yake ya mitindo huko Paris mwaka 1954 akiwa na miaka 70, alikuwa akishonea mnyororo mwembamba ndani ya pindo la jaketi ili litulie mahali pake mvaaji anapotembea na kunyanyua mikono. Huhitaji mnyororo, lakini ameonyesha jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza, kwamba nguo hukaa vizuri kwa uzito wake.

Kwa suruali, tafuta iliyo bapa mbele na yenye lastiki upande wa nyuma tu, kiuno chake kikifika karibu na kitovu, na kitambaa chake kikiwa na elastini kidogo, yaani uzi unaovutika, asilimia 2 au 3. Zaidi ya hapo suruali huanza kukamata mapaja, na baada ya kufuliwa mara nyingi hulegea magotini. Miguu yake iteremke wima kuanzia nyongani. Mifuko ya pembeni inayofumuka unapokaa, mwambie fundi aishone ifungwe kabisa.

Kamba za sidiria zinanichimba mabegani

*Nina miaka 61. Kamba za sidiria zimeniachia alama mabegani, na jioni shingo inaniuma. Nimenunua zenye kamba pana lakini nafuu ni ndogo. Binti yangu anasema nizikaze zaidi. Je, ana haki?*

Hapana, na usizikaze. Sidiria imetengenezwa ili sehemu kubwa ya uzito wa matiti ibebwe na mkanda unaozunguka mwili chini yake, huku kamba zikisaidia tu kushikilia vikombe mahali pake. Mkanda ukilegea, mzigo wote huhamia mabegani, na kila unapokaza kamba ndivyo mkanda unavyozidi kupanda mgongoni na kuliacha titi bila tegemeo. Simama ubavu mbele ya kioo: ikiwa mkanda wa nyuma uko juu kuliko wa mbele, umeshapata jibu lako.

Pima mwili chini kabisa ya matiti, futi ikiwa imelala sawasawa, ukiwa umeshusha pumzi. Sidiria mpya ikukae vizuri ukiifunga kwenye kishikizo cha nje kabisa, kwa sababu mkanda hulegea kadiri unavyofuliwa, nawe utahitaji vishikizo vya ndani baadaye. Vidole viwili vipite chini ya mkanda, ngumi isipite. Ukipunguza namba ya mkanda, ongeza herufi ya kikombe, kwa mfano kutoka 38C kwenda 36D, maana herufi peke yake haina ukubwa wake. Hutegemea namba inayoandamana nayo. Hili huwashangaza wengi ambao wameishi na herufi moja tangu walipokuwa wasichana.

Umbo la titi lenyewe hubadilika. Tezi za maziwa hupungua na nafasi yake kuchukuliwa na mafuta, ngozi hulegea, na ujazo hushuka chini, ndiyo maana kikombe kilichotuna juu hubaki wazi na kuonekana kwenye blauzi. Kikombe chenye mishono na kinachofunika titi lote kitakufaa zaidi kuliko kile cha sponji kilichokwisha kuumbwa. Waya si lazima. Mkanda mpana wa kitambaa imara hufanya kazi ile ile kwa amani zaidi. Ngozi ya chini ya matiti ikipata joto na vipele, vaa ya pamba na ubadilishe inapolowa. Uvimbe mpya, ngozi iliyobonyea au chuchu iliyogeuka ndani bila sababu si mambo ya kutafutia sidiria, bali ya kumwona daktari bila kukawia.

Nimeiweka barua hii mapema kwa makusudi. Matiti yanapoinuka yakakaa mahali pake, nafasi kati ya kifua na kiuno huonekana tena, na blauzi uliyodhani imekushinda huenda ikakukaa bila kuguswa na sindano.

Je, baada ya hamsini rangi ziachwe?

*Rafiki zangu wananiambia kwamba mwanamke wa miaka 58 mwenye mvi avae rangi za giza, na kwamba nyeusi inapunguza unene. Mimi napenda rangi. Nifanye nini?*

Vaa rangi. Hakuna umri unaofuta haki hiyo, na Mmarekani Iris Apfel, aliyefariki mwaka 2024 akiwa na miaka 102, alipata sifa zake nyingi za mavazi ya rangi kali na bangili kubwa alipokuwa tayari ameshapita miaka themanini.

Hata hivyo, yapo mabadiliko ambayo yanafaa kuzingatiwa. Nywele zikiingia mvi, tofauti kati ya nywele na uso haibaki ilivyokuwa, na rangi iliyokupendeza ukiwa na nywele nyeusi inaweza kuufanya uso uonekane umechoka. Namna ya kujua ni rahisi: simama karibu na dirisha mchana, bila vipodozi, ushike kitambaa chini ya kidevu, kisha ubadilishe kingine. Usikitazame kitambaa. Tazama vivuli vilivyo chini ya macho na kando ya mdomo, kwa kuwa rangi isiyokufaa huviongeza na inayokufaa huvipunguza. Rangi unayoipenda ambayo haipatani na uso wako si lazima uitupe. Ivae chini, kwenye sketi au suruali, na shingoni weka inayokung'arisha, iwe kwa kola au kwa skafu.

Nyeusi huficha mikunjo ya kitambaa na kivuli cha mwili, hilo ni kweli, lakini haifichi umbo la nje linaloonekana dhidi ya ukuta mweupe. Vazi la rangi moja kutoka juu hadi chini, iwe bluu, kijani au zambarau, hurefusha mwili sawa na jeusi, kwa sababu jicho halisimamishwi katikati. Na kuna jambo dogo la kuangalia: lenzi ya jicho hugeuka manjano kadiri umri unavyosonga, hivyo bluu iliyokolea na nyeusi huanza kufanana, hasa chini ya taa. Zipambanishe nguo zako mchana, ama utatoka na soksi mbili tofauti.

Joto la ghafla linaniaibisha kazini

*Nina miaka 51. Joto linanipanda kifuani na usoni mara kadhaa kwa siku, jasho linanitoka, kisha nasikia baridi. Nguo zangu za kazini karibu zote ni za poliesta kwa sababu hazihitaji pasi. Nivae nini?*

Pole sana. Joto hilo huja pale ubongo unapohisi kana kwamba mwili umepata joto kupita kiasi, ukaamuru mishipa midogo ya ngozi itanuke na jasho litoke. Baada ya dakika chache mwili hubaki umepoa na kulowa. Kwa hiyo unahitaji nguo zinazohimili mambo mawili yanayopingana, joto na baridi, ndani ya robo saa.

Nyuzi za vitambaa hazinywi unyevu kwa kiwango kimoja. Katika hewa yenye nyuzijoto 20 na unyevu wa asilimia 65, pamba hubeba maji yapatayo asilimia 8 ya uzito wake, kitani na viskosi (uzi laini unaotengenezwa kwa miti) asilimia 12 hivi, sufu asilimia 16 hivi, na poliesta chini ya asilimia moja. Blauzi ya poliesta iliyofumwa kwa kubana huliacha jasho juu ya ngozi. Pamba nayo ina kasoro yake, kwamba ikilowa hukawia kukauka, na wewe unapoanza kusikia baridi huwa bado imekugandia. Ndiyo sababu mimi hupendelea viskosi au kitani kilichochanganywa na pamba kwa blauzi, na sufu nyembamba kwa kizibao cha juu mahali penye baridi, mradi ngozi yako haiwashwi, maana baada ya kukoma hedhi ngozi hukauka na sufu nene huikera upesi.

Lakini ufumaji ni muhimu kama uzi wenyewe. Weka kitambaa mdomoni na ukipulizie: pumzi ikipita bila shida, hewa itapita na kwako. Pamba nzito iliyofumwa kwa kubana itakushinda kuliko poliesta nyepesi ya michezo, ambayo imeundwa kusambaza jasho na kukauka haraka.

Vaa tabaka mbili nyepesi badala ya moja nzito, na ya juu iwe ya kufunguka mbele ili uivue bila kupitisha chochote kichwani mbele ya watu. Shingo iwe wazi kiasi. Kola iliyokaba ndiyo adui yako wa kwanza. Jasho huonekana zaidi kwenye kijivu na bluu hafifu, na kidogo zaidi kwenye nyeupe, bluu iliyokolea na vitambaa vyenye maua madogo. Na kama joto hilo linakukosesha usingizi, mwambie daktari, kwa kuwa tiba zipo na hakuna sababu ya kulivumilia kimya kimya.

Mama hataki "nguo za wagonjwa"

*Shikamoo, Bi Mshauri. Mama yangu ana miaka 76. Vidole vyake vina ugonjwa wa viungo na bega la kulia halinyanyuki vizuri. Kufunga vifungo kunamchukua muda mrefu, naye hataki nimsaidie. Nilimnunulia magauni ya kufungwa nyuma kama yale ya wodini, akayakataa kwa hasira. Nimfanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Mama ana haki ya kukasirika, kwa sababu gauni la kufungwa nyuma humsaidia anayevisha kuliko anayevaa, na mama bado anajivisha mwenyewe. Msaidie aendelee hivyo.

Yachukue mashati na magauni yake anayoyapenda, yanayofunguka mbele, uyapeleke kwa fundi. Fundi avifumue vifungo, azibe matundu kwa kushona, kisha avirudishe vifungo vile vile juu ya matundu yaliyozibwa ili vibaki kama pambo. Nyuma yake aweke velikro, ule utepe unaojishika wenyewe ukibanwa, katika vipande vifupi vya sentimita 2 hivi, si utepe mrefu mmoja, kwa kuwa utepe mrefu hukakamaa, hukunja kitambaa, na ukifunguliwa hupiga kelele inayomtangaza mvaaji. Mtu aliyekaa karibu naye hataona tofauti yoyote. Vipo pia vifungo vya sumaku ambavyo hujifunga vyenyewe vikikaribiana, lakini kama mama ana kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kifuani, visitumike kabla ya kumuuliza daktari wake, kwani sumaku inaweza kukivuruga kifaa hicho na hushauriwa iwekwe umbali wa angalau sentimita 15.

Kwa zile nguo ambazo hataki ziguswe, vifungo vikubwa na bapa hushikika kuliko vidogo vya mviringo, na pete ya kipenyo cha sentimita 2 au 3 ikitiwa kwenye zipu humwezesha kuivuta kwa kidole kizima badala ya kuibana kwa ncha za vidole. Makwapa yawe na nafasi. Sidiria iwe ya kufunga mbele, ama fulana laini yenye mkanda chini ya kifua.

Mfundishe, au afadhali amfundishe mtaalamu wa tiba ya viungo ambaye mama hatamwona kama mtoto anayemwamuru mzazi, kwamba wakati wa kuvaa, mkono wa bega linalouma hutangulia, na wakati wa kuvua, huwa wa mwisho. Jambo hili moja huondoa maumivu mengi ya asubuhi. Na usimtupie nguo zake za zamani ukidhani unamrahisishia. Muulize ni zipi tatu ambazo hawezi kuishi bila kuzivaa, uanze na hizo.

Mikono imelegea. Je, niifunike?

*Nina miaka 60 na sipendi mikono yangu ya juu. Nisivae tena nguo zisizo na mikono?*

Ukipenda, zivae. Usipopenda, mkono wa nguo unaofika kwenye kiwiko au ukapita kidogo ndio unaokaa vizuri zaidi, kwa sababu hufunika sehemu inayokusumbua na kuacha wazi kigasha na kifundo cha mkono, ambavyo hubaki vyembamba kwa wanawake wengi. Mkono unaoishia mahali panene zaidi pa mkono huchora mstari hapo hapo.

Miguu imekua, viatu vyote vinaniumiza

*Nina miaka 67. Nimevaa namba moja ya viatu tangu ujanani, lakini sasa vinanibana, na nyayo zinawaka. Nikivaa kandambili napata nafuu. Je, nivae hizo tu?*

Hapana, mama, kandambili zibaki za bafuni. Kiatu kisichoshika kisigino hukulazimisha kukikamata kwa vidole katika kila hatua, na kwa umri wako kujikwaa si jambo la kuchezea.

Miguu yako imekua kweli. Mishipa inayoshikilia upinde wa unyayo hulegea kwa miaka, mguu hutandazika, ukawa mrefu na mpana zaidi, huku mto wa mafuta ulio chini ya kisigino na chini ya vidole ukipungua. Huko kuwaka unakosikia huenda kumetokana na hilo. Pima miguu yote miwili jioni, wakati imevimba kiasi, ukiwa umesimama, na ununue kwa kufuata ule mkubwa. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya sentimita moja. Soli iwe nene lakini isiwe laini mno, kwa kuwa soli inayobonyea sana humyumbisha mvaaji. Kisigino kati ya sentimita 2 na 3, chenye kitako kipana, huwafaa wengi. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwingine, au ganzi ikiingia, mwone daktari. Soksi za kubana pia usizichague mwenyewe dukani, kwa maana kama mishipa inayopeleka damu miguuni imeziba, soksi hizo zinaweza kukudhuru.

Viatu vinavyopendeza na kustahimili haya vipo: vya ngozi laini vyenye kamba au bizimu juu ya mguu, raba za rangi moja zisizo na maandishi makubwa, viatu vya wazi vyenye mkanda wa kisigino. Rangi ya kiatu ikikaribiana na ya suruali, mguu huonekana mrefu.

Sketi ifike wapi?

*Sketi zangu zilikuwa zikiishia chini kidogo ya goti. Siku hizi nikizivaa naonekana mfupi, na watu wananiambia upande wa mbele umeshuka kuliko nyuma. Nina miaka 63, na fundi wangu anasisitiza kwamba amezipima sawasawa.*

Fundi wako amepima kitambaa mezani, hakukupima wewe. Ikiwa umepungua sentimita mbili tangu ujanani, sketi ile ile sasa inaishia kwenye unene wa shavu la mguu, mahali ambapo mguu huonekana mfupi na mzito kuliko ulivyo. Ama ipande hadi chini tu ya goti, ama ishuke hadi pale shavu la mguu linapoanza kukonda kuelekea kifundo. Kati ya hapo pasipendelewe. Ya kukaribia kifundo isivuke hapo, usije ukaikanyaga ukipanda ngazi.

Na kule kushuka mbele kunatokana na nyonga kuinama na mgongo kubadilika, hivyo kiuno cha sketi hakilali tena sambamba na sakafu. Rudi kwa fundi ukiwa umevaa viatu utakavyovivaa na sketi hiyo. Simama wima juu ya sakafu iliyo sawa, uangalie mbele, usiiname kumtazama anachofanya, kwa kuwa ukiinama tu pindo la nyuma hupanda. Yeye azunguke akiwa amepiga magoti, apime kwa rula iliyosimamishwa kutoka sakafuni kwenda juu, aweke alama kwa chaki kila baada ya kiganja kimoja, kisha kinachozidi mbele akipunguze. Ikiwa tofauti inapita sentimita tatu, pindo lisiguswe. Afumue kiuno na kukirekebisha kutoka juu, la sivyo mishono ya pembeni itaegemea mbele na maua ya kitambaa yatakatika yakiwa mshazari.